Ramgoolam na Hukumu ya Kura

Marehemu Sir Seewoosagur Ramgoolam alizaliwa mwaka 1900 kisiwani Mauritius. Alisomea udaktari London, akarejea kwao kutibu watu na kuingia katika siasa. Mwaka 1968 aliiongoza nchi yake kupata uhuru, akawa Waziri Mkuu wake wa kwanza. Katika uchaguzi wa 1976 wapinzani walipata viti 34 kati ya 70, naye akabaki madarakani kwa kuunga serikali ya ushirika. Mwaka 1977 elimu ya sekondari ikawa bila malipo.

Ulipofika uchaguzi wa Juni 1982, chama chake cha Leba kiliomba kura tena. Lakini thamani ya rupia ilikwisha kushushwa mara mbili, na vijana wengi hawakuwa na kazi. Wapinzani walitwaa viti vyote 60 vya kisiwa kikuu. Hata yeye mwenyewe alishindwa jimboni kwake. Alikabidhi madaraka kwa amani. Baadaye akawa Gavana Mkuu, hadi alipofariki Desemba 1985.

Sifa za jana haziondoi njaa ya leo. Hata hivyo, aliyekubali hukumu ya wananchi hakupoteza heshima yake, wala nchi yake haikupoteza utulivu.