Lemaître: Kasisi aliyethubutu kumpinga Einstein

UKITOKA mjini Isiolo jioni na kushika njia ya kaskazini, usiku hukukuta chini ya nyota nyingi ambazo taa za Nairobi huzificha. Waborana wa nyika hizo wana wajuzi wao, ayyantu, ambao tangu jadi huangalia mwezi unavyokutana na nyota fulani ili kuhesabu siku na miezi ya kalenda yao. Nyota hutegemewa kwa sababu hurudi pale pale, kwa wakati ule ule.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wanafizikia wengi nao waliamini kuwa ulimwengu kwa jumla umetulia, haukui wala haupungui. Miongoni mwa waliowatoa katika imani hiyo alikuwamo kasisi wa Kikatoliki aliyekuwa pia mwalimu wa sayansi, Georges Lemaître wa Ubelgiji.

Lemaître alizaliwa Charleroi mnamo Julai 17, 1894. Alikuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Louvain vita vilipozuka mwaka wa 1914. Alijitolea jeshini, akahudumu katika kikosi cha mizinga na kutunukiwa nishani ya ushujaa. Aliporejea aliacha uhandisi, akasomea hisabati na fizikia, kisha akajiunga na seminari. Alipadrishwa mwaka wa 1923, na mwaka huo huo akaenda Cambridge kusoma chini ya mwanaastronomia Arthur Eddington. Baadaye alivuka hadi Marekani kuendelea na masomo, na kuanzia 1925 akawa mhadhiri Louvain.

Mnamo 1927 alichapisha makala kwa Kifaransa katika jarida la Brussels lililosomwa na wachache. Humo alionyesha kuwa milinganyo ya Albert Einstein yenyewe inaruhusu ulimwengu unaopanuka, na kwamba galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, hutengana nasi kwa kasi inayoongezeka kadiri zilivyo mbali. Mfano wake ni donge la unga lililotiwa zabibu: likiumuka, kila zabibu huona zote nyingine zikienda mbali nayo.

Mrusi Alexander Friedmann alikuwa ametangulia kupata milinganyo ya aina hiyo mwaka wa 1922. Lemaître, ambaye hakuwa na habari za kazi hiyo, aliihusisha hesabu yake na vipimo halisi vya galaksi.

Oktoba mwaka huo wa 1927 alikutana na Einstein mjini Brussels. Mwanasayansi huyo, ambaye miaka 10 awali alikuwa ameongeza kipengele katika milinganyo yake ili ulimwengu utulie, alikiri kuwa hesabu za kasisi zilikuwa sahihi lakini akaikataa picha yake ya ulimwengu. Lemaître alikuwa na umri wa miaka 33. Hakunyamaza wala hakugombana, aliendelea kukokotoa.

Mwaka wa 1929, Mmarekani Edwin Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha uhusiano ule ule wa umbali na kasi. Kufikia 1931 Einstein alikuwa ameacha dhana ya ulimwengu uliotulia. Mwaka huo Lemaître alipiga hatua nyingine: ikiwa ulimwengu unapanuka, basi zamani ulikuwa umebanwa mahali padogo mno, kama atomu moja ya mwanzo.

Wengi hawakuridhika. Eddington, mwalimu wake, hakupendezwa na wazo la mwanzo. Baadhi walishuku kwamba kasisi alikuwa akiingiza Kitabu cha Mwanzo katika fizikia kwa mlango wa nyuma. Mwingereza Fred Hoyle, mpinzani wa nadharia hiyo, ndiye aliyeipa jina la Mlipuko Mkuu katika matangazo ya redio mwaka wa 1949.

Mtihani mgumu zaidi ulitoka upande wa kanisa lake. Novemba 1951, Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoelekea kuifanya nadharia hiyo kuwa ushahidi wa uumbaji. Mwingine angefurahia heshima hiyo. Lemaître alisononeka, kwa kuwa aliona nadharia ya sayansi yaweza kuangushwa kesho na vipimo vipya, na imani haipaswi kuegemezwa juu yake. Alipeleka wasiwasi wake Roma, na papa alipowahutubia wanaastronomia Septemba 1952 hakuirudia kauli ile.

Si kila alichowaza kilithibitika. Alidhani miale ya anga za juu ni masalio ya atomu ile ya mwanzo, na haikuwa hivyo. Masalio halisi, mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga, yaligunduliwa na Wamarekani Arno Penzias na Robert Wilson, na habari zikatangazwa 1965. Lemaître alizipata akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki Juni 20, 1966.

Mnamo 2018, wanaastronomia wa dunia walipiga kura kupendekeza kanuni ya Hubble iitwe pia kwa jina lake.

Wanaodai kuwapinga wakuu wa fizikia ni wengi kila zama. Kasisi huyu alimpinga mkuu wao kwa hesabu iliyoweza kukaguliwa, akakubali darubini iamue, na alipoungwa mkono na papa mwenyewe, bado alitaka darubini ndiyo iamue. Katika mji kama Isiolo, wenye misikiti na makanisa, mwanafunzi anayeinua macho usiku anaweza kujifunza hilo bila kuacha ibada yake.