Maisha ya Askofu Samuel Ajayi Crowther

Katika kijitabu hiki chenye hesabu za ada na misaada, imeonekana vema kuwakumbusha wazee na wanachama habari za mtu mmoja wa Afrika Magharibi. Maisha yake yaonyesha faida ya kumtegemeza kiongozi mzalendo, na hasara ya kumwachilia mkono.

Ajayi alizaliwa Osogun, nchi ya Wayoruba, mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1821 mji wao ulivamiwa, naye akachukuliwa mateka pamoja na mama yake, kisha wakatenganishwa. Aliuzwa mara kadhaa, hata mara moja akabadilishwa kwa farasi. Mwaka 1822 manowari za Kiingereza ziliikamata merikebu ya Kireno iliyomchukua, akashushwa Sierra Leone akiwa mtu huru. Alibatizwa mwaka 1825, na mwaka 1827 akaingia chuo cha Fourah Bay miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza.

Mwaka 1841 alifuatana na msafara wa Mto Niger, ambako Wazungu wengi walikufa kwa homa. Chama cha C.M.S., ndicho kilichomtuma Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, kilitambua kwamba kazi ile yahitaji Waafrika wenyewe. Crowther akapewa daraja takatifu London mwaka 1843. Mwaka 1846 alifika Abeokuta kuhubiri, na huko akakutana na mama yake baada ya miaka ipatayo 25. Mwaka 1848 mama huyo alibatizwa.

Katibu wa Chama, Henry Venn, alishika neno moja: kanisa la wenyeji lijitegemee kwa fedha zake, lijitawale, na lijieneze. Kwa msaada wake, tarehe 29 Juni 1864, Crowther aliwekwa wakfu Canterbury, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Aliongoza misheni ya Niger kwa watumishi Waafrika watupu, na aliisimamia tafsiri ya Biblia ya Kiyoruba, iliyokamilika mwaka 1884.

Lakini tangu mwanzo wamisionari Wazungu wa Abeokuta walikataa kuwa chini yake. Venn alipofariki mwaka 1873, mzee wetu alikosa mtetezi. Vijana kutoka Uingereza walikuja kuwachunguza watumishi wake, wakawashutumu, na mwaka 1890 halmashauri iliyokutana Onitsha ikawasimamisha wengine, hata mwanawe Dandeson. Askofu akajiuzulu katika halmashauri hiyo, akafariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Mzungu akawekwa mahali pake.

Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 1892 Wakristo wa mdomo wa Niger, wakiongozwa na Dandeson, walianza kuliendesha kanisa lao kwa fedha zao wenyewe. Na mwaka 2014, katika ibada ya Canterbury, Askofu Mkuu aliomba radhi kwa yale aliyotendewa Crowther.

Ndugu wanachama, kumpa mtu cheo si kazi ngumu. Kazi ni kumpa pia fedha, mamlaka na imani yetu, na kusimama naye siku anaposhtakiwa. Kiongozi tuliyemchagua sisi wenyewe tusimwache peke yake.