Sayyida Salme: Binti wa Sultani aliyevua barakoa na kuvaa gauni la Kizungu

SAYYIDA Salme binti Said alizaliwa Agosti 30, 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Sultani Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyeletwa kutoka nchi za Kaukazi akiwa bado mdogo.

Wakati huo Malkia Victoria alikuwa na miaka saba katika kiti cha enzi cha Uingereza, na mitindo ya London na Paris ilikuwa ikifuatwa na matajiri wa Ulaya nzima. Mwanamke wa kisasa alibanwa kiuno kwa vazi la ndani lililotiwa mifupa ya nyangumi, akavalishwa magagulo kadhaa, mengine yakiwa yamefumwa kwa singa za farasi ili gauni lisimame, kisha kichwani akafunga kofia iliyoficha mashavu. Mwanamume alivaa koti refu la rangi ya giza, suruali, tai pana shingoni na kofia ndefu nyeusi.

Mtoni mambo yalikuwa kinyume. Suruali ilikuwa vazi la wanawake, iliyoshuka hadi kifundo cha mguu na kudariziwa, na juu yake kanzu ya hariri au atlasi. Wanaume ndio waliotembea na kanzu ndefu, joho, kilemba na jambia kiunoni. Binti wa Sultani alivaa barakoa usoni, dhahabu shingoni na mikononi, na miguuni mitalawanda iliyosikika kabla mwenyewe hajaonekana. Mzungu aliyecheka suruali ya mwanamke wa Kiarabu hakukumbuka kwamba mkewe alishindwa kuvuta pumzi sawasawa.

Fahari hiyo ililipiwa na watu wengine. Pembe za ndovu na watumwa walitoka bara, na misafara iliyopanda kwenda Unyanyembe na Usukuma ilibeba shanga, kaniki na merikani, yaani kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani na kuuzwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Msomaji wa Bariadi, ambaye leo anaishi katika mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, huenda asijue kwamba kabla zao hilo halijaenea Simiyu, pamba ya ng’ambo ilikuwa tayari ni kama fedha katika nchi za Wasukuma. Na huko Unguja kwenyewe mavazi yalikuwa mpaka kati ya watu: mtumwa alijulikana kwa kaniki yake, kichwa kitupu na miguu isiyo na viatu.

Sultani Said alifariki dunia baharini mwaka 1856. Salme, akiwa na umri wa miaka 12, alitangazwa kuwa mtu mzima na kupewa urithi wake. Alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, jambo ambalo halikutarajiwa kwa msichana. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, mwaka ambao mama yake alifariki kwa kipindupindu, Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid, na Salme akawa mwandishi wa barua za waasi. Waingereza wakaingilia kati, Barghash akapelekwa Bombay, naye Salme akajitenga mashambani.

Aliporudi mjini alikuwa jirani na kijana mfanyabiashara kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Uhusiano wao ulizaa mimba, na kwa binti wa ukoo wa Al Busaid hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Agosti 1866 alitoroka usiku katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, na kufikishwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na Mei 30, 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Mtoto yule alifariki wakiwa safarini kwenda Ujerumani.

Ulaya aliyoikuta ilikuwa imepunguza magagulo na kuvumbua kizimba cha vyuma vyepesi kilichoning’inizwa kiunoni kubeba gauni. Salme aliingia katika mavazi hayo akiwa mtu mzima, katika nchi ya baridi, bila kujua lugha. Hata picha yake mashuhuri katika suruali na dhahabu za Unguja haikupigwa Unguja, bali Hamburg, kwa mpiga picha wa studio. Vazi lake la kila siku lilikuwa limekwisha kuwa la kuvalia picha.

Agosti 1870 mumewe alifariki baada ya ajali ya tramu, akimwachia watoto watatu wadogo. Alihama mji hadi mji, akifundisha Kiarabu ili apate kula. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimrudisha Unguja pamoja na manowari zake, ikimtumia kumtisha Barghash, aliyekuwa sasa Sultani. Watu walimshangilia mitaani. Kaka yake hakumpokea, na madai yake ya urithi yalikataliwa kwa kuwa aliacha Uislamu. Alijaribu tena mwaka 1888 bila mafanikio.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa mwaka 1886. Humo alipinga dhana ya Wazungu kwamba mwanamke wa Kiarabu ni mfungwa wa kuhurumiwa, na katika hilo alikuwa na hoja. Lakini alitetea pia utumwa, yeye ambaye mama yake alinunuliwa, na hapo ni vigumu kumfuata.

Aliishi Beirut miaka mingi, kisha akarejea Ujerumani na kufariki Jena Februari 29, 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Majivu yake yalizikwa katika kaburi la mumewe Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza.