Cecil Majaliwa: Alitoka utumwani, akasoma Canterbury, akarudi kufundisha upande wa Newala

Siku hizi kijana wa Masasi au Newala akitaka kusoma Uingereza, mambo mengi anaanzia kwenye simu. Anajaza fomu, anatafuta ufadhili, anahangaikia viza, kisha anasubiri majibu.

Lakini kuna mtu mmoja aliyesoma Uingereza zaidi ya miaka 60 kabla Julius Nyerere hajafika Edinburgh mwaka 1949. Na alipomaliza hakubaki Ulaya, wala hakukaa mjini Unguja akila heshima ya usomi. Alikwenda Chitangali, kijiji cha Wayao upande wa Newala, akafanya kazi huko kwa miaka mingi.

Jina lake ni Cecil Majaliwa. Kwenye historia ya Kanisa Anglikana anajulikana kama Mwafrika wa kwanza kupewa upadri na misheni ya UMCA, iliyoingiza kanisa hilo Unguja, Masasi na Newala. Nje ya kanisa, wengi hawajawahi kumsikia.

Mtoto aliyeuzwa

Majaliwa alikuwa Myao, mzaliwa wa bara, katikati ya karne ya 19. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa imepamba moto. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikavuka nchi ya Wayao na Wamakua, ikashuka hadi Kilwa na bandari nyingine za kusini. Kutoka hapo watu walipakiwa majahazini kwenda Unguja.

Baadhi ya machifu wa Kiyao walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa watumwa. Ila na Wayao wenyewe walikamatwa na kuuzwa, watoto wakiwemo. Majaliwa alikuwa mmoja wa watoto hao. Aling'olewa kwao akiwa mdogo, akafikishwa Unguja, na hatimaye akawa huru chini ya uangalizi wa wamisionari wa Kiingereza.

Wamisionari hao walikuwa na shule Kiungani, kusini kidogo ya mji wa Unguja. Wavulana waliokombolewa walisomeshwa pale kwa Kiswahili na Kiingereza. Wengine walifunzwa kazi za mikono, na waliofanya vizuri darasani waliandaliwa kuwa walimu. Majaliwa alipita njia hiyo ya darasani. Mkewe, Lucy, naye alitoka kwenye jamii hiyo hiyo ya misheni.

Misheni ya wasomi

Hapa inabidi kuelewa kwanza misheni hii ilikuwa ya namna gani. UMCA maana yake ni Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Ilizaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Chuo Kikuu cha Cambridge Desemba 1857. Watu wa Oxford na Cambridge ndio walioianzisha, Durham na Dublin wakajiunga nao.

Jaribio lao la kwanza, kwenye bonde la mto Shire mwaka 1861, lilishindwa. Mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Kwa hiyo wengi waliokuja kusini mwa Tanganyika walikuwa wasomi wa vyuo vyenye majina makubwa. Chauncy Maples na William Percival Johnson walisoma pamoja University College, Oxford, na wote wakaja mwaka 1876. Askofu Charles Smythies alitoka Trinity College, Cambridge.

Mwaka huo wa 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa. Walilenga kufika mbali zaidi, upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaona panafaa, wakajenga. Miaka sita baadaye, Septemba 1882, Magwangwara waliivamia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakatekwa. Maples akahamishia kazi yake Newala, kwa chifu Matola wa Wayao.

Canterbury, si Oxford

Ni katika miaka hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1880, Majaliwa alipopelekwa Uingereza kusoma. Je, misheni yenye jina la vyuo vikuu ilimpeleka Oxford au Cambridge? Hapana. Alipelekwa Chuo cha Mtakatifu Augustino, mjini Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza.

Hiki kilikuwa chuo cha kanisa chenye heshima yake. Kilifunguliwa mwaka 1848 kuandaa wahudumu wa makoloni na nchi za mbali. Vijana wa Kiingereza walisoma pale kabla ya kusafiri, na wageni kutoka nchi mbalimbali walipokelewa pia. Miaka ya 1850 chuo kilimsomesha hata kijana Muinuiti kutoka Greenland, Erasmus Augustine Kallihirua. Mkuu wa chuo enzi za Majaliwa alikuwa George Frederick Maclear, mwandishi wa vitabu vya historia ya kanisa.

Tofauti na Oxford ilikuwa wazi. Oxford ilitoa shahada, na shahada ilifungua milango ya siasa, sheria na uaskofu. Canterbury ilimwandaa mtu kwa kazi moja tu, kwenda kuhudumu.

Lakini mahali penyewe palikuwa na hadithi yake. Chuo kilijengwa kwenye magofu ya abasia ya Mtakatifu Augustino, mmisionari aliyetua Uingereza mwaka 597 akitumwa na Papa Gregori wa Roma. Masimulizi ya kale ya Waingereza yanasema Gregori alivutiwa na nchi yao baada ya kuona vijana wa Kiingereza wakiuzwa utumwani kwenye soko la Roma.

Kumbe na Waingereza waliwahi kuuzwa sokoni! Karibu miaka 1,300 baadaye, Myao aliyeuzwa utotoni akakaa darasani mahali pale pale pa Augustino, akijiandaa kwenda kufundisha watu wake.

Kurudi Uyaoni

Aliporudi, mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1886 akawa shemasi, ngazi ya kwanza ya uchungaji, akapelekwa kusini.

Kufika huko hakukuwa kazi ndogo. Unasafiri kwa chombo kutoka Unguja hadi Lindi, halafu unatembea kwa miguu siku kadhaa ndipo uone uwanda wa Makonde. Ukishapanda juu, shida ya kwanza ni maji. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, udongo unanyonya mvua yote, na kwa miaka mingi kina mama wameteremka mabondeni alfajiri kutafuta maji na kupanda nayo kichwani.

Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, kwa chifu Nakaam. Hakukuwa na mzungu wa kumsimamia kila siku. Kufundisha, kuhubiri, kusuluhisha ugomvi na kuongea na chifu, yote yalimwangukia yeye.

Hapo ndipo elimu yake ilipopimwa. Pale kijijini vitabu vya Canterbury visingemfikisha mbali peke yake. Mtu aliyetaka kusikilizwa na Wayao alipaswa kujua adabu za barazani na namna ya kumheshimu mwenye mji. Majaliwa alikuja na elimu ya kizungu, lakini alikuja akiwa Myao, mwana aliyepotea utumwani na sasa amerudi na kitu mkononi.

Matokeo yakaonekana. Nakaam mwenyewe akawa Mkristo na kubatizwa kwa jina la Barnaba. Vijana wa Chitangali wakaanza kupelekwa Kiungani kusoma. Kituo kilichokuwa mikononi mwa Mwafrika kikawa kati ya vituo vilivyostawi zaidi katika misheni nzima ya kusini.

Upadri juu ya soko la watumwa

Mwaka 1890 Askofu Smythies alimpa Majaliwa upadri. Ibada ilifanyika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja.

Ukijua historia ya mahali pale, utaelewa uzito wa siku hiyo. Kanisa hilo limejengwa kwenye kiwanja cha soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Uingereza, na mwaka huo huo ujenzi ukaanza. Pale walipopangwa watu ili wanunuzi wachague, mtu aliyewahi kuuzwa alipiga magoti akainuka padri.

Baada ya hapo akarudi Chitangali.

Kati ya Wajerumani na Machemba

Miaka hiyo haikuwa ya utulivu. Wajerumani walikuwa wakiishika nchi. Kwenye uwanda wa Makonde kulikuwa na chifu Machemba, Myao mwenzake, aliyekataa katakata kuwatii. Mwaka 1890 alimjibu kamanda wao, Hermann von Wissmann, kwa barua ya Kiswahili iliyoweka wazi kwamba hatakwenda kuinama mbele yake. Machemba alishikilia msimamo hadi 1899 alipovuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno.

Padri wa Chitangali aliishi katikati ya hayo. Watu wake walikuwa Wayao, kanisa lake lilikuwa la Kiingereza, na serikali mpya ilikuwa ya Kijerumani. Kwa Wayao wa wakati ule palikuwa na zaidi ya njia moja ya kukutana na Ulaya. Machemba alishika bunduki na kalamu. Majaliwa alishika kitabu.

Mwaka 1897 aliondoka Chitangali, akarudi Unguja. Kipindi kikubwa cha maisha yake kikaishia hapo.

Mlango uliochelewa kufunguka

Smythies alikuwa akiamini kwamba Waafrika ndio watakaolijenga kanisa la Afrika. Lakini alifariki baharini mwaka 1894. Baada yake mwendo wa kuwapa Waafrika madaraka ulipungua. Mapadri Waafrika waliongezeka, akiwemo Myao mwingine, Yohana Abdallah, ambaye kitabu chake cha historia ya Wayao kilitoka mwaka 1919. Ila kiti cha askofu kilibaki kwa Waingereza.

Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926, askofu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Vincent Lucas. Hata Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, aliyekuwa kwenye kiti hicho ni Trevor Huddleston, msomi wa Christ Church, Oxford, aliyejulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini.

Huddleston aliondoka mwaka 1968. Nafasi yake ikachukuliwa na Hilary Chisonga, Mwafrika wa kwanza kuiongoza Dayosisi ya Masasi.

Hesabu ni rahisi. Tangu Majaliwa alipopewa upadri mwaka 1890 hadi Mwafrika kukalia kiti cha Masasi, ilipita miaka 78. Kituo cha Chitangali kilikuwa kimeshaonyesha mapema kwamba Mwafrika akisomeshwa na kuaminiwa, kazi inakwenda. Kusoma alisoma, tena nje ya nchi. Kilichochelewa ni kuaminiwa.

Kwa vijana wa Masasi na Newala wanaoota kusoma ng'ambo leo, habari zake si za zamani sana kama zinavyoonekana. Alikwenda Uingereza bila cheo, bila mali na bila ukoo wa kumsindikiza bandarini. Akarudi, akapanda uwanda wa Makonde kwa miguu, na kazi aliyoiacha Chitangali ndiyo cheti chake.