Humphry Davy na Shaba ya Manowari

Wahunzi wa ukoo wa Washana, katika nchi ya Ugweno iliyo na Msangeni, walijua tangu zamani ya kuwa chuma huliwa na kutu. Maji ya bahari hula madini kwa nguvu zaidi, na mtu wa kwanza kuonyesha jinsi ya kuyazuia alikuwa Humphry Davy.

Alizaliwa mwaka 1778 huko Penzance, mji wa pwani ya Uingereza. Baba yake alipokufa, mtoto alitiwa kwa tabibu ajifunze kazi ya dawa. Mwaka 1801 akaenda London kufundisha elimu ya vitu, na mwaka 1815 akatengeneza taa ya kuwalinda wachimbaji wa makaa ya mawe.

Siku zile manowari zilikuwa za mbao, nazo zilivikwa shaba nyekundu upande wa chini, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Lakini shaba yenyewe ililiwa na maji ya chumvi, na gharama ilikuwa kubwa. Mwaka 1823 serikali ikataka shauri. Davy alijua ya kuwa madini mbili zikigusana katika maji ya chumvi, nguvu za umeme hupita kati yake. Moja huliwa upesi, ya pili husalimika. Basi akaigusisha shaba na zinki. Kipande kadiri ya punje ya njegere kilitosha kulinda shaba iliyo kama ukurasa wa kitabu! Zinki ililiwa, shaba ikabaki nzima.

Zinki na chuma zikafungwa katika manowari, na shaba haikuliwa tena. Lakini shaba inayoliwa hutoa sumu majini. Sumu ilipokoma, makombe na mwani vikaota chini ya manowari, mwendo ukawa mzito. Mwaka 1825 ikaamriwa vipande vile viondolewe. Wengi wakamdhihaki Davy, wala hawakutenda haki, kwa kuwa jambo aliloulizwa alikuwa amelitimiza. Alikufa Geneva mwaka 1829, umri wake miaka 50.

Baadaye zikaja meli za chuma, na shauri lake likarudi. Hata leo vipande vya zinki hufungwa chini ya meli na mashua zikaazo majini, vikigusa chuma chenyewe, wala havipakwi rangi. Vikikaribia kwisha, hutiwa vipya.