Maisha ya Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, Msimamizi wa Walimu

Yatupasa kuwakumbuka waliotutangulia katika kazi ya kufundisha watoto. Mmoja wao hakufika kamwe katika nchi zetu, lakini sisi tufundishao twafuata njia yake kila siku, hata tusipojua jina lake. Huyo ni Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, na habari zake twazieleza hapa kwa ufupi.

Alizaliwa katika mji wa Reims, nchi ya Ufaransa, tarehe 30 Aprili 1651. Wazazi wake walikuwa watu wa mali na heshima. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alipewa cheo cha kanoni katika kanisa kuu la Reims, na mwaka 1678 akapata upadre. Mtu wa daraja hiyo hakutazamiwa kushughulika na watoto wa maskini.

Siku zile watoto wa mafundi na vibarua walizurura njiani, kwa kuwa wazazi wao walishinda kazini tangu alfajiri hata jioni. Shule zilikuwapo, lakini walimu wengi walitaka malipo, na wengine hawakufundishwa kazi yao. Tena desturi ya kufundisha ilikuwa mbovu. Mwalimu alimwita mtoto mmoja mmoja mezani pake, akamsikiliza kitambo kidogo, akamrudisha mahali pake. Na muda huo wenzake wote walikaa bure, wakicheza na kugombana. Na kitabu cha kwanza kilikuwa cha Kilatini, lugha ambayo mtoto wa maskini hakuisema nyumbani kwao. Basi wengi waliacha shule kabla hawajaweza kusoma habari yo yote kwa kuifahamu.

Mwaka 1679 alifika Reims mtu mmoja, jina lake Adrien Nyel, apate kufungua shule za maskini zisizo na ada. De La Salle akamsaidia, akidhani ya kuwa kazi yake itakwisha upesi. Lakini alipowatazama walimu wa shule zile aliona kwamba wao wenyewe hawana maarifa wala utaratibu, naye akatambua ya kuwa shule haiwezi kumpita mwalimu wake. Mwaka 1681 akawakaribisha wakae nyumbani mwake, awaongoze. Jamaa zake wakachukizwa sana, kwa maana walimu wa namna ile walihesabiwa watu duni. Mwaka uliofuata akaiacha nyumba ya baba yake, akaenda kukaa pamoja na walimu katika nyumba ya kupanga.

Hapo lilimpata jaribu kubwa. Aliwahimiza walimu wamtumaini Mungu, wasisumbukie kesho. Nao wakamwonyesha ya kuwa kwake yeye maneno hayo ni mepesi, maana ana mali na cheo. Bali wao wakiugua au wakizeeka hawana kitu. De La Salle hakukasirika, kwa kuwa aliona wamesema kweli. Mwaka 1683 akakiacha cheo cha ukanoni, na wakati wa njaa iliyofuata akagawa mali yake kwa maskini, akawa fukara kama wao. Walimu hao ndio waliokuwa mwanzo wa Mabruda wa Shule za Kikristo.

Sasa tuitazame njia yake ya kufundisha. Aliwagawa watoto kwa kadiri ya maarifa yao, na wa kundi moja wakapewa kitabu kimoja. Mmoja akisoma kwa sauti, wenzake hufuata kwa macho, kila mmoja akiwa tayari kuendelea pale mwenzake alipokoma. Mwalimu hutazama wote, husahihisha kosa papo hapo, na sahihisho la mmoja huwa somo la wote. Alianza na lugha ya kwao, yaani Kifaransa. Kilatini kikaja nyuma. Aliagiza pia mafunzo yafuatane kama ngazi: kwanza herufi katika ubao mkubwa, kisha silabi, kisha kitabu, wala mtoto asipandishwe kabla hajaijua vema daraja aliyo nayo. Akiisha kujua kusoma hufundishwa mwandiko na hesabu, hata aweze kuandika barua na stakabadhi, asidanganywe na mtu katika kazi yake.

Kazi hiyo ilimletea adui. Mwaka 1688 alifungua kazi Paris, na walimu wa mwandiko waliotoza ada wakaona riziki yao inapungua. Mwaka 1704 wakamshitaki, akashindwa. Na mwaka 1706 baraza kuu la hukumu la Paris likaithibitisha hukumu ile. Shule zake kadha wa kadha zikafungwa, na baadhi ya Mabruda wakamwacha. Lakini yeye hakuiacha kazi. Alikufa Rouen siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Mwaka uliofuata kitabu chake cha kuongoza shule kikapigwa chapa, nacho kikawafundisha walimu wengi wasiopata kumwona. Papa Leo wa 13 alimtangaza Mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pius wa 12 akamweka kuwa msimamizi wa walimu wote.

Wako watu wasemao ya kuwa mtoto akiachwa atajifunza mwenyewe kwa kutazama, na ya kuwa herufi na hesabu za kwanza ni kazi ndogo isiyomfaa mtu mwenye elimu. De La Salle alikuwa na shahada ya juu ya teolojia, naye aliona kazi ile yastahili maisha yake yote. Mtoto wa tajiri akikosa somo shuleni aweza kulipata kwa baba yake. Mtoto wa maskini, mwalimu asipomfundisha wazi, hana pengine pa kulipata. Basi sisi walimu, tukisimama mbele ya watoto kesho asubuhi, tumtazame kwanza yule aketiye nyuma kabisa, asiyejua bado silabi zake, tuanze naye pale alipo.