Bell: Mtu wa waya aliyeota simu ya mwanga

Ukipanda matatu ya 237 kwenda Thika, hebu inua macho kutoka kwa simu yako ukifika Ruiru. Kwenye nguzo za stima, katikati ya mabango ya ploti, utaona nyaya nyeusi nyembamba zimeviringishwa mviringo kama kamba ya kufungia mbuzi. Hiyo ndiyo faiba. Ndani yake hamna shaba hata kidogo. Kuna uzi wa kioo, na ndani ya kioo unapita mwanga. Ndio unaoleta waifai kwenye ghorofa za Membley, Kihunguro na hata Makongeni kule Thika.

Sasa muulize mzazi wako mambo yalivyokuwa. Kabla ya 1999, wakati shirika la KPTC lilisimamia posta na simu zote nchini, laini ya nyumbani ilikuwa waya wa shaba, na asiyekuwa nayo alipanga foleni kwenye kibanda. Halafu wezi wakazikata kebo hizo wakaziuza kama vyuma vikuukuu, simu za mkononi zikaingia, na nambari zinazoanza na 067 zikabaki kwenye mabango ya zamani ya maduka ya Thika.

Unaweza kudhani kwamba shaba na mwanga ni mambo ya watu wawili tofauti. Kumbe yule yule aliyetupa simu ya waya ndiye aliyetuma sauti kwa mwanga. Jina lake ni Alexander Graham Bell.

Alizaliwa Machi 3, 1847 mjini Edinburgh, Scotland. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Mama yake, Eliza, alikuwa haskii vizuri, na uwezo wake wa kusikia ulizidi kupungua. Kijana huyu alijifunza kuzungumza naye kwa sauti nzito karibu na paji la uso wake, ili mtetemo umfikie. Usisahau jambo hilo, tutalirudia.

Kifua kikuu kiliwaua ndugu zake wawili, mmoja 1867 na mwingine 1870. Wazazi wakaogopa kumpoteza na wa tatu. Mwaka huo wa 1870 wakahamia Canada, na baadaye Bell akaenda Boston, Marekani, kufundisha watoto viziwi. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Mabel Hubbard, msichana aliyepoteza uwezo wa kusikia kwa homa akiwa na miaka mitano. Baba yake Mabel alikuwa wakili mwenye pesa, naye akagharamia majaribio ya Bell. Mabel mwenyewe alikuja kuwa mke wake mnamo 1877.

Mchana alifundisha, usiku alihangaika na nyaya pamoja na fundi wake, Thomas Watson. Februari 14, 1876 ombi lake la hataza, yaani cheti cha kumiliki uvumbuzi, liliwasilishwa. Siku iyo hiyo, mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, naye akapeleka karatasi zake za kifaa kinachofanana. Bell akapewa hataza Machi 7, na siku tatu baadaye Watson akasikia sauti yake kupitia waya kutoka chumba kingine. Kesi zilizofuata zilikuwa mamia, lakini hataza ya Bell ilisimama.

Laini za kwanza zilikuwa za chuma, na sauti ilififia njiani. Miaka ya 1880 shaba ikachukua nafasi kwa sababu hupitisha umeme vizuri zaidi. Mwaka 1881 Bell alipata hataza ya kusokota nyaya mbili pamoja ili kupunguza kelele zinazoingia kutoka laini jirani. Usicheke ukadhani hayo yamepitwa na wakati. Ile kebo inayotoka kwa kisanduku cha waifai hadi kwa kompyuta, ukiipasua utakuta nyaya za shaba zimesokotwa mbili mbili.

Lakini kitu alichojivunia kuliko simu alikifanya 1880. Mjini Washington, yeye na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walitengeneza kioo chembamba kinachotetemeka mtu akiongea. Mwanga wa jua ukigonga kioo hicho, nao ulitetemeka. Upande wa pili, mwanga huo ulibadilisha kiasi cha umeme kilichopita kwenye kipande cha seleniamu, na umeme huo ukageuzwa kuwa sauti. Juni mwaka huo ujumbe ulivuka mita 213 hewani, bila waya wowote. Tatizo? Wingu moja tu, na mazungumzo yamekwisha. Mwanga ulihitaji njia ya kuulinda, na njia hiyo, uzi safi wa kioo, haikupatikana hadi karne iliyofuata. Kwetu ilifika kwa kishindo 2009, mikonga ya baharini ilipotua Mombasa.

Sasa turudi kwa mama yake. Fikiria: simu ilibeba sauti pekee. Watu wawili waliokuwa karibu zaidi na moyo wa Bell, mama na mke, hawangeweza kuitumia. Na kuna baya zaidi. Bell aliamini kwamba viziwi wanafaa kufundishwa kuongea na kusoma midomo, akaipinga lugha ya ishara kwa nguvu zote za umaarufu wake. Aliandika hata kuonya dhidi ya viziwi kuoana wao kwa wao. Shule nyingi za enzi hizo ziliondoa ishara darasani, na watoto wakaadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Viziwi wengi hawajamsamehe hadi leo, na wana sababu. Aliwapenda, lakini hakuwasikiliza.

Bell alifariki Agosti 2, 1922 huko Nova Scotia, Canada. Wakati wa mazishi yake, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Huku kwetu, Katiba ya 2010 inaitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Na ule mtandao wa kidijitali haujali unabeba nini. Sauti, picha, maandishi, vyote ni moja na sifuri tu. Kwa hivyo siku moja ukiwa steji ya Ruiru, ukimwona kijana ameegemeza simu mbele yake, mikono yote miwili ikicheza hewani, ujue anapiga simu. Anaongea kwa lugha ambayo Bell hakuitaka, kwa mwanga ambao Bell aliuota.